Mwimbaji akishaanza, wewe mfuate: namna ya kupigia watu piano

Mama yangu mkubwa hajawahi hata siku moja kuuliza tunaimba kwenye sauti gani. Anafumba macho, anavuta pumzi, anaanza. Kama umekaa kwenye piano, kazi yako ni kumkuta huko alikokwenda, na umkute upesi, kabla watu hawajageuza vichwa kukutazama wewe.

Kazi hiyo ndiyo nitakayoeleza hapa. Kupiga piano peke yako chumbani ni jambo lingine, na walimu wake wapo. Mimi nafundisha hesabu shule ya msingi hapa Lubumbashi. Piano nilijifunza utotoni kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuitwa. Korali inaniita, wenye ndoa wananiita, kilio kikitokea mtaani wananiita, na Jumapili moja kila mwezi najiita mwenyewe: natoa kinanda uani kwetu Katuba, majirani wanakuja na viti vyao, tunaimba mpaka mbu watufukuze.

Chombo chenyewe

Kinanda cha vibao 61 kinatosha kabisa. Piano kamili ina 88, lakini zile sauti za chini sana na za juu sana hutazihitaji ukiwa unapigia watu wanaoimba. Ukienda kununua kilichotumika, usikubali muuzaji akupigie yeye, maana atakupigia pale palipo pazima. Keti mwenyewe, bonyeza kibao kimoja kimoja kutoka kushoto mpaka kulia, vyote 61, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Halafu kitie umeme na uitikise kidogo ile pini ya adapta. Kikizimika, tundu limelegea. Hilo ndilo gonjwa la vinanda vya hapa, kwa sababu tunavichomoa na kuvichomeka mchana kutwa.

Adapta ni jambo la kutazama kwa macho mawili. Nyuma ya kinanda kuna namba ya volti na mchoro mdogo wa kiduara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Adapta ilingane na vyote viwili, si volti peke yake. Vinanda vingine vinataka chanya katikati ya pini, vingine hasi, na adapta ya redio yenye volti sawa lakini mchoro wa kinyume inaweza kukiua kinanda papo hapo. Nimekizika kimoja kwa namna hiyo, na mkono uliochomeka ulikuwa wangu.

Watoto wakipiga kelele "Kuran imeenda!", yaani umeme umekatika, usikae tu kungoja. Zima kinanda, chomoa adapta. Umeme unaporudi ndipo unapoua, kwa sababu unarudi kwa kishindo. Kama kinanda chako kina nafasi ya betri (vingi vinachukua sita), weka betri nzima ndani yake kila unapotoka nacho, hata kama umeahidiwa jenereta. Jenereta nimeahidiwa mara nyingi.

Cha kuwekea kinanda, mimi natumia meza ya kupigia pasi. Inapanda na kushuka, inakunjwa, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuibeba. Kiti ni kreti ya bia iliyosimamishwa, na mto juu yake. Ukiketi, viwiko viwe sawa na vibao au juu kidogo tu. Vikiwa chini, baada ya nyimbo nne utaanza kusikia maumivu kwenye mabega.

Piano ya mbao ukiikuta, kwenye nyumba ya mapadri au shule ya zamani, iheshimu kama unavyomheshimu mzee mwenye baridi yabisi. Hapa kwetu mvua inanyesha toka Novemba mpaka Machi, halafu kiangazi kinakausha kila kitu toka Mei mpaka Septemba, na mbao inavimba na kunywea kufuata hayo. Mwezi wa kwanza vibao vinakwama. Mwezi wa nane nyuzi zimelegea na piano nzima imeshuka sauti. Isogeze mbali na dirisha na ukuta unaopigwa jua. Kiangazi mimi huweka ndani yake, chini kabisa, chupa ya plastiki yenye maji nusu na vitundu kwenye kifuniko, mvua zikianza naitoa. Inasaidia kidogo. Na ukisikia noti moja inalia kama watu watatu wanaogombana, ndivyo ilivyo: noti nyingi za piano zina nyuzi tatu kila moja, na mojawapo imeteleza. Usiishike na koleo. Ngoja fundi mwenye ufunguo wake.

Nyumba ya wimbo

Sasa tuingie kwenye kazi.

Kila wimbo una nyumba, yaani noti ambayo sauti inarudi kupumzika. Mara nyingi ndiyo noti ya mwisho wa ubeti. Ukiijua nyumba, umejua karibu kila kitu, na usipoijua, vidole kumi havitakusaidia.

Mwimbaji akianza, usiguse chochote. Hapa ndipo wanafunzi wangu wote wanapokosea: wanaanza kutafuta kwa vidole, ti, ti, ti, kama kuku anayedonoa mahindi, na mwimbaji anaanza kuyumba. Weka mikono mapajani. Sikiliza mstari mzima wa kwanza. Wakati huo huo punguza volyumu mpaka karibu na sifuri. Sauti ikifika pale inapotua, igune noti ile ile mdomo ukiwa umefumba, na usiiachie. Mguno huo ndio kamba yako. Sasa kidole kimoja, upande wa chini wa kinanda ambako hakuna atakayesikia, bonyeza kibao kimoja. Kiko juu ya mguno wako au chini yake? Songa. Kingine. Mwanzoni utahitaji vibao vitano au sita. Baada ya miezi michache utahitaji viwili, na siku moja utashangaa kidole kimeangukia penyewe.

Ukishafika nyumbani, uliza swali moja tu: wimbo huu ni majeri au mineri, zile ngazi mbili za sauti? Kutoka nyumbani (chenyewe usikihesabu) hesabu vibao vinne kwenda juu, vyeupe na vyeusi vyote. Kama noti hiyo inakubaliana na wimbo, ni majeri. Kama ni ya tatu ndiyo inayokubali, ni mineri. Usihukumu kwa maneno ya wimbo. Watu hudhani nyimbo za huzuni zote ni mineri, lakini nyimbo nyingi za kilio ninazozijua mimi ni majeri kabisa, na ndiyo maana zinakata moyo.

Kuna wakati mwimbaji anakaa katikati ya vibao viwili. Kibao cha Fa kiko chini yake kidogo, cha Fa dieze, kile cheusi kinachofuata, kiko juu yake kidogo. Usiogope, binadamu hakutengenezwa na kiwanda cha vinanda. Chagua kile cha chini, subiri avute pumzi mwisho wa mstari, halafu ingia na akodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyumbani, taratibu lakini bila kusitasita. Ataishukia bila kujua. Ukichagua cha juu atalazimika kupanda, na mtu aliyelia usiku kucha hana koo la kupandia. Niliwahi kumpandisha mama mkubwa namna hiyo. Alisimamisha wimbo mbele ya watu, akanitazama: "Mwana, shiye tunaimba na roho. Weye unatafuta nini paka mu ile masini?" Yaani, unatafuta nini tu kwenye mashine ile? Tangu siku hiyo nachagua cha chini.

Majina ya noti nayo yanaleta ugomvi, tuyamalize. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema Do, Re, Mi, na Do ni kibao kile kile siku zote: cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili vilivyopakana. Kinanda chako kikiwa kimeandikwa herufi, C ni Do, D ni Re, E ni Mi, F ni Fa, G ni Sol, A ni La, B ni Si. Lakini korali zinazosoma solfa, Do yao inahama. Kwao Do ni nyumba ya wimbo, popote ilipojengwa. Kwa hiyo mkuu wa korali akikuambia "tupe Do", muulize kwanza: Do ya kinanda au Do ya wimbo? Nimeona mazoezi ya saa nzima yakiharibika kwa sababu watu wawili waliojua muziki vizuri walikuwa wanatumia neno moja kwa vitu viwili.

Kile kitufe, na aibu yangu

Vinanda vya siku hizi vingi vina kitufe cha kuhamisha sauti. Wewe unapiga kama uko kwenye Do, chenyewe kinatoa sauti ya mahali pengine. Hesabu vibao kutoka Do mpaka nyumba ya mwimbaji: Re ni kujumlisha 2, Mi bemoli (kibao cheusi kilicho chini ya Mi) 3, Mi 4, Fa 5. Nyumba zilizo juu zaidi, ni rahisi kushuka: Sol ni kutoa 5, La kutoa 3, Si bemoli kutoa 2. Wako wanaosema hicho ni kitufe cha wavivu. Mimi nasema kitumie, mtu ameshaanza kuimba na hana muda wa kungoja ujifunze. Ila jifunze pia Fa na Sol kwa vidole vyako, kwa sababu piano ya mbao haina kitufe.

Na ukimaliza wimbo, rudisha sifuri. Kila mara. Kwenye ndoa moja, shangazi wa bibi arusi aliimba kwenye Mi bemoli, nikajumlisha 3, ikawa tamu sana. Akaja kijana wa tarumbeta. Tukakubaliana Fa. Nikapiga Fa kwa ujasiri wote, na kinanda, kwa utii wote, kikatoa La bemoli. Tarumbeta ikawa inalia huku, mimi kule, kama magari mawili yaliyokutana kwenye daraja jembamba. Kijana alidhani kosa ni lake, akawa anapanda na kushuka akinitafuta. Wageni waliendelea kucheza, Mungu awabariki, lakini yule kijana mpaka leo akiniona anainua vidole vitatu.

Mkono wa kushoto

Watu wa Katanga hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu wa mkono wa kushoto. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, tunakoita leo Likasi, alikuwa akipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini na kushika mwendo, kidole cha shahada kinaimba juu. Gitaa moja, lakini ukifumba macho unasikia watu wawili. Msikilize, halafu fanya hivyo hivyo kwenye kinanda: mkono wako wa kushoto ndio gumba la Bosco. Do chini, Sol chini, Do, Sol. Noti moja moja. Anayeanza anataka kupiga akodi nzima kwa mkono wa kushoto, na huko chini akodi nzima inakuwa tope.

Mkono wa kulia unashika akodi, na siri yake ni kutokuruka. Nyimbo nyingi za watu zinaishi na akodi tatu: ya nyumbani, ya nne na ya tano, yaani ukiwa kwenye Do ni Do, Fa na Sol. Wanafunzi wanapiga kila moja kutoka chini kwenda juu kama ilivyo kwenye kitabu, mkono unaruka kama panzi. Anza hivi: Sol-Do-Mi, gumba kwenye Sol, kidole cha kati kwenye Do, cha mwisho kwenye Mi. Unataka akodi ya Fa? Do ibaki palepale, Sol ipande hatua moja iwe La, Mi ipande iwe Fa. Rudi. Unataka akodi ya Sol? Sol ibaki, Do ishuke iwe Si, Mi ishuke iwe Re. Kila mara kuna kidole kimoja kinachobaki nyumbani, wengine wanaenda kwa jirani na kurudi. Fanya hivyo dakika kumi kila siku kabla ya kupika bukari (ugali), na baada ya wiki mbili hutatazama tena mkono.

Halafu mwendo. Nyimbo zetu nyingi zina mwendo wa sita: miguu inakanyaga mara mbili wakati makofi yanapigwa mara tatu. Hapo waliojifunzia vitabu vya mbali wanapigwa mweleka. Nina maneno mawili ya kufundishia, na yamenisaidia kuliko kitabu chochote: *njoo tuimbe*. Yatamke kwa silabi: njo, o, tu, i, mbe. Ya mwisho ivute ichukue nafasi mbili, ujumla wake sita. Sasa gonga magotini. Kwenye *njo*, mikono yote miwili. Kwenye *o*, kimya. Kwenye *tu*, kulia peke yake. Kwenye *i*, kushoto peke yake. Kwenye *mbe*, kulia, na uiache ivute. Rudia bila kupumzika, mpaka mtu aliye jikoni aanze kutikisa kichwa. Ndipo uhamie kwenye vibao: kushoto ni Do kisha Sol, kulia ni ile akodi mara tatu.

Kuhusu nguvu na upole. Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliyetengeneza piano ya kwanza mnamo 1700, alikiita chombo chake kwa maneno ya Kiitaliano yenye maana ya taratibu na kwa nguvu, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jipya: kidole kikigusa kidogo, sauti ndogo. Vinanda vingi vya bei nafuu havijui jambo hilo. Ubonyeze kwa hasira au kwa huruma, sauti ni ile ile. Dawa yake ni kuhesabu vidole. Ukitaka upole, toa noti: acha akodi ya vidole vitatu, bakiza viwili, bakiza kimoja. Ukitaka nguvu, mkono wa kushoto upige Do mbili, ya chini na ya juu yake. Watu watasikia umepanda na kushuka, hali kitufe cha volyumu hujakigusa.

Ukiwa mbele ya watu

Utangulizi wako uwe mstari wa mwisho wa wimbo. Usitunge kitu. Mstari wa mwisho unawaleta mpaka mlangoni mwa nyumba na kila mtu anajua pa kuingilia. Kisha vuta pumzi nao, kwa sauti ya kusikika kabisa, pumzi hiyo ndiyo "haya, twende".

Usipande juu sana. Wimbo wa watu wote usipite Re iliyo oktava moja juu ya ile ya katikati, yaani Re inayofuata kwenda juu. Hapo wanawake na watoto wanafika bila kukaza shingo, na wanaume watajishusha oktava moja bila kuambiwa. Na usipige ile sauti wanayoimba wao kwa nguvu juu ya vichwa vyao. Wanaijua. Wape sakafu ya kusimama. Kwenye ubeti wa tatu au wa nne, acha kupiga kabisa. Utasikia mtu aliyekuwa anaguna nyuma anafungua mdomo, kwa sababu sasa anajisikia anahitajiwa. Mimi huo ubeti ndio ninaoungojea, nikiwa nimekaa mikono mapajani.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, wala usisimame. Piga makofi, imba. Hatari iko kwenye kurudi. Watu wanaoimba bila chombo hushuka polepole bila kujua. Siku moja kwenye mazoezi umeme ulirudi baada ya beti mbili, nami kwa furaha nikaingia na akodi kubwa ya vidole vyote: walikuwa wameshuka karibu nusu toni nzima, yaani kibao kimoja. Kilichotoka hapo hakina jina. Ukirudi, kwanza noti moja, chini, taratibu. Kama mmeachana, tulia mpaka ubeti uishe, uwape sauti upya.

Kwenye kilio mambo ni machache na mazito. Uliza kwa wenye kilio kama wanataka kinanda. Usilete kwa kudhani. Sauti iwe ya ogani au ya nyuzi, volyumu chini ya waimbaji, na ile ngoma ya mashine isiguswe hata kama vijana wanaomba. Ukiona mama anaanzisha wimbo mwingine kabla wenu haujaisha, mwache apite. Usiku huo si wako.

Jioni uani

Sheria yetu ya Jumapili ni moja: kila anayekuja alete wimbo mmoja, asiyeimba alete mikate au munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Tunaanza saa kumi, jua likiwa limepungua ukali. Wa kwanza ni watoto, kila mara. Ukimwachia mwenye sauti nzuri aanze, wengine kumi watasema wana mafua. Mtoto akiimba akasahau maneno, watu wakacheka na kumsaidia, mlango umefunguka. Mwenye sauti nzuri namweka karibu na mwisho, naye ameshanisamehe.

Wimbo wa mtu ukiwa mpya kwako, mwombe akuimbie kando kabla, nyuma ya nyumba, mstari mmoja tu. Hapo utaitafuta nyumba bila haraka. Halafu andika. Nina daftari la mistari, la hesabu kama la wanafunzi wangu, na kila mtu ana mstari wake:

Mama wa mikate: Fa. Anaharakisha kwenye kiitikio, usimfuate huko.
Yaya wa kona: Re. Anapenda kurudia mwisho mara tatu.
Mapacha: Sol, mmoja anaimba juu, mwingine anamtazama.
Mama mkubwa: chini ya Fa dieze. Ngoja.

Ukitaka kuwarekodia ndugu walioko Kolwezi au Ndola, simu isiwe juu ya kinanda, itanasa kishindo cha vibao. Iweke kwenye kiti, hatua tatu mbele ya mwimbaji, ukizima mtandao ili mtu asipige simu katikati. Watumie sauti peke yake badala ya video, mega zao ni ghali. Na usitume kitu cha mtu kabla hajakisikia mwenyewe na kusema ndiyo.

Kuna papa mmoja jirani, mstaafu wa reli, aliyekuja miezi mingi na kiti chake na chupa yake ya munkoyo, akakaa karibu na ukuta, wala hakufungua mdomo. Sikumwita. Ukimwita mtu wa namna hiyo mbele ya wengine, umempoteza. Mwezi wa saba uliopita, baridi ilikuwa kali, watu wachache, nilikuwa naanza kukunja meza ya pasi. Akaanza palepale alipokuwa, bila kusimama, wimbo wa kwao ambao sijawahi kuusikia, sauti ya chini kama gari-moshi lililo mbali. Nikakaa tena. Nikasikiliza mstari wote. Nikaguna. Kidole cha kwanza kikawa juu, cha pili kikawa penyewe. Sikupiga akodi hata moja mpaka ubeti wa pili, Si bemoli moja tu chini kabisa, ndefu, na nikawa natazama vibao vyangu. Alipomaliza alichukua kiti chake, akasema "bon", akaenda.

Usiku ule niliongeza mstari kwenye daftari. Papa wa reli: Si bemoli. Polepole. Usimtazame.